Uzi: Fikra za polisi na hoja za mpelelezi katika hadithi za upelelezi, kuanzia Dupin hadi Bwana Msa

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Katika mijadala ya riwaya za upelelezi limekuwa likijirudia dai moja, kwamba waandishi wa fani hii huwachora polisi kama wajinga ili mpelelezi wao apate kung'aa. Dai hilo lina ukweli kwa vitabu vingi vya kawaida, lakini tukilifanya kuwa kanuni ya fani nzima tutapitwa na kilicho bora kabisa ndani ya hadithi hizi. Kwa waandishi walioiasisi fani, polisi ni mtu mwenye bidii, mwenye uzoefu, na mara nyingi mwenye akili ya kutosha. Anashindwa kwa sababu swali analoanza nalo limekwisha kumfungia njia kabla hajatoka ofisini. Naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa mifano. Natahadharisha mapema kwamba nitataja miisho ya hadithi kadhaa, maana haiwezekani kuchambua hoja ya mpelelezi bila kusema ilimfikisha wapi.

Nianze na Edgar Allan Poe, Mmarekani ambaye mwaka 1841 alichapisha hadithi ya mauaji ya mama na binti yake katika mtaa wa Rue Morgue jijini Paris, na mwaka 1844 akatoa hadithi ya barua iliyoibwa. Nitaanza na hii ya pili, kwa sababu sijaona hadithi nyingine iliyoweka fikra hizi mbili mezani kwa uwazi kama huo. Mkuu wa Polisi wa Paris, ambaye Poe anamtaja kwa herufi G pekee, anamjua mwizi: ni Waziri D. Anajua pia kwamba barua lazima iwe karibu na waziri, kwa kuwa nguvu yake yote imo katika uwezekano wa kuitoa wakati wowote anapotaka. Waziri hulala nje mara kwa mara, na G anautumia mwanya huo kwa miezi mitatu. Askari wake wanapekua chumba baada ya chumba. Matakia yanachomwa kwa sindano ndefu nyembamba, mbao za juu za meza zinang'olewa, viungio vya viti vinakaguliwa kwa hadubini, majalada ya vitabu yanapimwa unene, na nyumba nzima inagawanywa katika sehemu zenye namba ili pasibaki mahali palipoachwa. Waziri mwenyewe anavamiwa njiani mara mbili na watu waliojifanya wanyang'anyi, nao wakampekua mwilini. Barua haikupatikana.

Dupin, mpelelezi wa Poe ambaye si askari na ndiye aliyeipata barua hatimaye, anapoeleza baadaye kwa nini yeye alifaulu, haanzi kwa kejeli. Anasema hatua zile zilikuwa bora za aina yake na zilitekelezwa kikamilifu, na lau barua ingekuwa ndani ya eneo la upekuzi ule, askari wangeipata bila shaka yoyote. Ningependa kila anayesema kwamba Poe aliwadharau polisi aisome sentensi hiyo mara mbili. Kosa analolitaja ni jingine: njia ile haikumfaa mtu yule. G alichukulia kwamba kila anayeficha kitu hukificha katika tundu, katika ufa au ndani ya mguu wa kiti uliotobolewa, kwa sababu wahalifu aliozoea kuwakamata ndivyo walivyofanya. Na kesi ilipokuwa ngumu zaidi, au zawadi ilipokuwa kubwa zaidi, aliizidishia nguvu njia ileile bila kuigusa misingi yake. Dupin anatoa mfano wa mtoto wa miaka minane aliyekuwa akishinda gololi za shule nzima katika mchezo wa kukisia kama zilizofumbatwa mkononi ni shufwa au witiri. Mtoto huyo hakuwa na bahati wala kanuni ya hesabu. Alipima kwanza akili ya mwenzake, kama ni mzito au mwerevu, kisha akakisia kwa kipimo hicho. Polisi wa Poe hawakumpima waziri hata mara moja. Walipima samani zake.

Liko jambo jingine dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. G alimdharau waziri kwa sababu waziri alikuwa mshairi, na kwake mshairi alikuwa hatua moja tu kutoka kwa mpumbavu. Dupin anaonyesha kasoro ya hoja hiyo: hata mtu akikubali kwamba wapumbavu wote ni washairi, haifuati kwamba washairi wote ni wapumbavu. Basi mkuu wa polisi aliyekuwa makini kiasi cha kukagua gundi ya kiti kwa hadubini aliruhusu dhana moja isiyokaguliwa ipite mlangoni, na dhana hiyo ndiyo iliyoharibu kazi ya miezi mitatu.

Barua ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kishikio cha kadi cha karatasi ngumu, kilichoning'inizwa kwa utepe wa buluu uliochafuka chini ya rafu ya meko, mahali ambapo kila mgeni angeiona. Waziri alikuwa ameigeuza ndani nje, akaiandika anwani nyingine, akaipiga lakiri mpya na kuichakaza ionekane karatasi isiyo na maana. Tufikirie maana ya jambo hili kwa upande wa askari. Walikuwa na maelezo kamili ya sura ya barua, mpaka rangi ya lakiri yake, na maelezo hayo waliyopewa yawasaidie kutafuta ndiyo yaliyowazuia kuona. Macho yao yalipita juu ya kile kishikio, kwa kuwa hawakuwa wapofu, lakini kilichokuwa humo hakikufanana na kitu walichotumwa. Dupin hakuwa na macho makali kuliko wao. Alikuja akiwa na swali kuhusu mtu, na swali hilo likampa sababu ya kutazama mahali pasipostahili kutazamwa.

Katika hadithi ya Rue Morgue jambo hilohilo linaonekana kwa upande wa ushahidi wa mdomo. Mashahidi wa mataifa mbalimbali walisikia sauti nyembamba ikitoka ghorofani wakati wa mauaji, na kila mmoja anaapa kwamba ilikuwa lugha fulani ya kigeni, lugha ambayo yeye mwenyewe haijui. Magazeti yanauchapisha ushahidi huo wote, na anayeusoma kwa haraka ataona mashahidi wanaopingana tu. Dupin anaona wanakubaliana: hakuna hata mmoja aliyesikia neno katika lugha anayoifahamu. Wakati huo polisi wamekwisha kumkamata karani wa benki, Le Bon, kwa kuwa siku tatu kabla alimsindikiza yule mama akiwa amebeba faranga 4,000 za dhahabu, ingawa dhahabu yenyewe ilikutwa chumbani bila kuguswa. Dupin anasema kosa lao ni la kawaida sana, nalo ni kuchanganya jambo lisilo la kawaida na jambo lisiloeleweka; katika upelelezi wa aina hii, anasema, mtu asijiulize sana ni nini kimetokea, ajiulize ni nini kimetokea ambacho hakijapata kutokea kabla. Polisi waliuona ukatili usio na mfano, wakautafutia sababu yenye mfano, yaani fedha.

Hapo ndipo napouona mpaka kati ya fikra hizi mbili. Polisi katika hadithi hizi huanza na swali "nani tunaweza kumshika?", kisha hukusanya vitu vinavyomwelekea mtu huyo. Mpelelezi huanza na kitu kisichokaa mahali pake, hata kikiwa kidogo namna gani, na hakubali kumtaja mtu yeyote mpaka kitu hicho kipate mahali pa kukaa. Wa kwanza anauliza ni ushahidi kiasi gani unamwelekea mshukiwa, na wa pili anauliza ni ushahidi gani unakataa kuelekea popote.

Mwandishi Arthur Conan Doyle, ambaye mpelelezi wake Sherlock Holmes alitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1887, aliukuza mpaka huo hadi ukawa karibu kanuni ya hadithi zake zote. Wengi humkumbuka Inspekta Lestrade, polisi wa hadithi hizo, kama mtu wa kuchekwa, na hapa naona wasomaji wanamdhulumu. Chukueni hadithi ya sanamu sita za Napoleon ya mwaka 1904. Mtu asiyejulikana anaingia madukani na majumbani akiiba na kuvunja sanamu za plasta, na hatimaye mtu mwingine anachinjwa mlangoni pa nyumba mojawapo. Lestrade anasema njia ya vitendo zaidi ni kumtambua marehemu, kisha kuwajua washirika wake. Ni ushauri mzuri! Na kweli anafaulu kumtambua. Holmes kwa upande wake anasimama mbele ya vipande vya sanamu vilivyokutwa katika bustani ya nyumba isiyokaliwa, na anauliza kwa nini mwizi aliibeba mpaka pale wakati alipita nyumba nyingine tupu njiani. Kisha anaionyesha taa ya barabarani iliyo juu yao: hapa aliweza kuona anachokifanya, na kule asingeweza. Lestrade anakubali mara moja, tena anakumbuka mwenyewe kwamba sanamu nyingine nayo ilivunjwa karibu na taa. Halafu anauliza swali ambalo kwangu ndilo linalomweleza polisi wa hadithi kuliko jingine lolote: basi jambo hilo tulifanyie nini? Holmes anajibu kwamba walikumbuke na kuliweka akiba. Lestrade ameuona ukweli kama alivyouona Holmes, lakini hana mahali pa kuuweka, kwa sababu faili lake lina nafasi ya majina, mahusiano na nia, na halina nafasi ya taa. Aliyevunja sanamu alihitaji mwanga kwa kuwa alikuwa anatafuta kitu ndani yake, na kitu hicho kilikuwa lulu nyeusi.

Mfano wa pili wa Doyle unanigusa zaidi, nao ni hadithi ya mwaka 1892 ya farasi wa mashindano aliyetoweka usiku na mkufunzi wake akakutwa ameuawa nyikani. Inspekta Gregory si Lestrade. Holmes mwenyewe anamsifu kuwa ni afisa hodari sana, na kwamba lau angejaliwa uwezo wa kuwaza kisichoonekana angefika mbali katika kazi yake. Gregory amemkamata mtu mwenye kila dalili ya hatia: alionekana zizini usiku ule, alikuwa na fimbo nzito yenye madini ya risasi ndani yake, alikuwa na maslahi katika kamari za mbio, na kitambaa chake cha shingoni kilikutwa mkononi mwa marehemu. Mahakama nyingi zingeridhika. Holmes anashuka katika shimo lenye tope na kuokota njiti ya kiberiti iliyoungua nusu, ambayo Gregory mwenyewe alikwisha kupita hapo bila kuiona, na anapoulizwa anasema aliiona kwa sababu alikuwa akiitafuta. Alikuwa amekwisha kuwaza kwamba marehemu ndiye aliyemtoa farasi zizini kwa siri ili amjeruhi, na mtu wa namna hiyo angehitaji mwanga. Wazo lilitangulia jicho. Baadaye yanakuja mazungumzo mashuhuri kuhusu mbwa wa zizini, ambapo ni Gregory, wala si mwingine, anayetamka kwamba mbwa hakufanya lolote usiku ule. Kwa hiyo alikuwa nalo jambo hilo. Lakini kutobweka hakuachi alama, hakuchukuliwi maelezo, hakuwekwi katika bahasha ya vielelezo. Holmes ndiye anayeuliza kilichopaswa kutokea na hakikutokea, naye anajibu kwamba mbwa hakubweka kwa kuwa aliyeingia alikuwa mwenyeji.

Hoja ya mpelelezi ina hatari yake, na Doyle aliijua. Katika hadithi ya mjenzi wa Norwood ya mwaka 1903, Lestrade anakaribia kushinda kwa silaha mpya kabisa. Idara ya alama za vidole ya Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1901, na sasa Lestrade anaonyesha alama ya dole gumba yenye damu ukutani, inayolingana kabisa na dole la mshukiwa wake kijana. Ni ushahidi wa kisayansi, tena wa wakati huo. Holmes anafurahi, kwa sababu aliukagua ukuta huo siku iliyotangulia na alama haikuwepo. Doyle hapingi sayansi ya polisi. Anauliza tu kielelezo kimefikaje mahali pake, na ni nani aliyepata faida kwa kukiweka hapo. Alama ilinakiliwa kutoka katika lakiri ambayo kijana aliwahi kuibonyeza kwa dole lake. Nadhani hadithi hii ingefaa kusomwa na kila mtu anayeamini kwamba kifaa kipya cha maabara kinaondoa haja ya kufikiri.

Kwa mwandishi G. K. Chesterton tofauti inahama kabisa kutoka macho kwenda kwenye lugha ya watu. Katika hadithi yake ya mtu asiyeonekana, iliyo katika kitabu cha kwanza cha mpelelezi wake, Padri Brown, cha mwaka 1911, watu wanne wamewekwa walinde mlango wa jengo, mmoja wao akiwa askari polisi, na wote wanasema kwa dhati kwamba hakuna mtu aliyeingia. Muuaji alikuwa tarishi wa posta. Mashahidi hawakudanganya, kwa kuwa mtu akiulizwa "nani amepita?" hujibu kwa kuhesabu wale anaodhani muulizaji anawataka, na tarishi hahesabiki.

Sasa nije kwenye sababu za kihistoria, maana tofauti hii haikuzuka hewani. Polisi wa London walianzishwa mwaka 1829 kwa ajili ya doria na kuzuia uhalifu. Kitengo chao cha upelelezi kilianza mwaka 1842 kikiwa na watu wachache sana. Wasomaji wa tabaka la kati waliwahitaji watu hao na papo hapo waliwaogopa, kwa kuwa mpelelezi wa serikali ni mtu wa tabaka la chini anayeruhusiwa kuingia chumbani mwa mwungwana na kukagua nguo za binti yake. Ufaransa nayo ilikuwa na Vidocq, mhalifu wa zamani aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi, na Dupin anamtaja kwa jina: anamwita mkisiaji mzuri na mtu mvumilivu, aliyekosea daima kwa kulisogeza jambo karibu mno na jicho.

Mauaji ya nyumba ya Road Hill, katika wilaya ya Wiltshire nchini Uingereza, yanaonyesha hofu hiyo waziwazi, na kwa bahati mbaya yanaonyesha pia jinsi hadithi zilivyogeuza ukweli. Mwishoni mwa Juni 1860 mtoto mdogo, Saville Kent, alichukuliwa kitandani usiku na kuuawa. Polisi wa pale walimshika yaya. Kutoka London akaletwa Inspekta Jonathan Whicher, ambaye aliuliza juu ya kitu kilichokosekana, yaani vazi la kulalia la Constance, dada wa marehemu kwa baba, aliyekuwa na miaka 16. Kwa hoja ya vazi hilo alimkamata binti huyo. Mahakimu walimwachia, magazeti yalimshambulia Whicher kwa ukatili dhidi ya msichana wa familia yenye heshima, na jina lake likaharibika. Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe. Tazameni hapo: aliyefikiri kama mpelelezi wa vitabuni alikuwa askari wa serikali, na waliofikiri kivivu walikuwa umma na waungwana waliokataa kumsikiliza.

Mwandishi Wilkie Collins aliichukua kumbukumbu hiyo katika riwaya yake The Moonstone ya mwaka 1868, na kwa kuwa aliwaweka polisi wawili wa aina mbili, kitabu chake kinatufaa sana hapa. Almasi imeibwa, na juu ya mlango uliopakwa rangi pana mkwaruzo. Msimamizi Seegrave anausukumia kwa watumishi wa kike, kwamba sketi zao ziligusa mlango walipojazana chumbani saa tano asubuhi, na anauita jambo dogo. Sajini Cuff anajibu kwamba katika uzoefu wake wote hajawahi kukutana na jambo dogo, kisha anauliza rangi ilipakwa saa ngapi na inakauka kwa muda gani. Ilimalizika saa tisa alasiri ya siku iliyotangulia na hukauka kwa saa 12. Kwa hiyo wanawake walipoingia ilikuwa imekwisha kukauka saa nane zilizopita. Hesabu hiyo ya kutoa inamaliza dhana ya Seegrave. Na bado Cuff, kwa uhodari wake wote, anakosea kuhusu aliyeichukua almasi, kwa sababu anaijua mioyo ya watu wenye madeni kuliko anavyoujua moyo wa msichana anayependa.

Sasa niwajibu waliochangia.

Mkuu uliyeandika kwamba mpelelezi wa hadithi hushinda kwa upendeleo wa mwandishi tu, umesema kweli nzito, na wapo waandishi waliolijua hilo wakaandika kulipinga. Jorge Luis Borges wa Argentina, katika hadithi yake ya mwaka 1942 kuhusu kifo na dira, anamweka kamishna Treviranus na mpelelezi Lönnrot mbele ya maiti ya mwanazuoni wa Kiyahudi hotelini. Treviranus anasema mambo si magumu: chumba cha mbele yake analala tajiri mwenye yakuti za thamani, mwizi amekosea mlango na ameua. Lönnrot anajibu kwamba hilo linawezekana ila halivutii. Uhalisia unaweza kukwepa wajibu wa kuvutia, lakini dhana haiwezi. Anatafuta maelezo yenye uzuri ndani ya vitabu vya dini vya marehemu. Treviranus ndiye aliyekuwa sahihi. Adui wa Lönnrot anasoma gazetini kwamba mpelelezi anatafuta mpangilio wa siri, basi anamtengenezea huo mpangilio, na Lönnrot anaufuata kwa ustadi mpaka mahali pa kuuawa kwake. Naye Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, katika riwaya yake ya mwaka 1958, anampa mpelelezi wake Matthäi hoja isiyo na kasoro: polisi wamemhoji mchuuzi kwa saa nyingi mpaka akakiri mauaji ya mtoto na kujinyonga, Matthäi peke yake anajua kwamba muuaji yu hai, anatega mtego mahali hasa ambapo muuaji atapita, na muuaji anakufa katika ajali ya gari akiwa njiani kuja. Matthäi anasubiri na kuharibika akili akisubiri. Hoja ilikuwa sahihi, na dunia haikuitimizia miadi.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba mwandishi ndiye mwenye mizani. Sikubaliani kwamba hilo linaifanya tofauti yenyewe kuwa ya bandia. Doyle alikutana nayo nje ya vitabu katika kesi ya George Edalji, wakili kijana, mwana wa kasisi mwenye asili ya India, aliyefungwa mwaka 1903 kwa kosa la kumkata farasi usiku huko Great Wyrley. Polisi walianza na mtu: familia ngeni iliyochukiwa kijijini, barua zisizo na jina, koti lenye unyevu. Mnyama mwingine alipokatwa Edalji akiwa tayari mikononi mwao, hilo nalo lilielezwa kuwa ni kazi ya washirika wake, yaani ushahidi uliopaswa kuivunja dhana uligeuzwa kuwa nguzo yake. Doyle, aliyesomea tiba ya macho, alimkuta Edalji katika hoteli akisoma gazeti huku amelisogeza karibu kabisa na uso, na akajiuliza mtu mwenye macho yale angevukaje mashamba gizani. Makala zake za Januari 1907 zilichangia Edalji kusamehewa mwaka uleule, ingawa hakulipwa fidia. Maneno "askari mjinga" hayalielezi tukio hilo. Kulikuwa na ofisi nzima iliyokwisha kuchagua jibu.

Mwenzetu mwingine ameuliza kama tofauti hii ilifika kwetu. Ilifika, na ilibadilika ilipofika. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957–58 la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, akiwa na rafiki yake Najum, wakawa jozi inayojulikana kwa kila msomaji wa Kiswahili wa rika fulani. Nasaba ya Holmes na rafiki yake Watson iko wazi. Lakini tazameni Inspekta Seif: hagombani na Bwana Msa, wala hana wivu wa Lestrade wa mwanzo. Mzigo wa fikra isiyohoji umehamishwa kutoka kituo cha polisi ukawekwa kwa jamii, kwa kuwa maiti imekutwa kwenye mzimu, na watu wana maelezo yao tayari kabla ya askari yeyote kufika. Kwa maoni yangu huo ni ubunifu ambao wahakiki wetu hawajausifu vya kutosha. Dupin alihitaji kuivunja dhana ya G peke yake; Bwana Msa anapaswa kuivunja dhana ya mtaa mzima, huku akiishi na watu haohao na kuwaheshimu.

Faraji Katalambula, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alikwenda njia nyingine akamfanya Inspekta Wingo, askari wa serikali, ndiye mwenye kesi. Ben Mtobwa alirudi kwenye jozi ya zamani kwa mpelelezi Joram Kiango na Inspekta Kombora, ila kwake kinachomtofautisha Joram ni uhuru wa kutenda zaidi kuliko namna ya kufikiri: anaweza kuingia mahali ambapo Kombora angehitaji kibali, na hana mkubwa wa kumwandikia ripoti. Nafikiri hapo ameigusa kweli ambayo Doyle aliificha. Holmes halazimiki kutoa ushahidi kizimbani, halazimiki kumkamata mtu kabla ya magazeti ya Jumatatu, na akitaka anaweza kumwachia mkosaji aende zake, kama anavyofanya mara kadhaa. Lestrade akifanya hivyo anafukuzwa kazi. Uvumilivu wa kukaa na swali wiki mbili bila kumtaja mtu unahitaji akili, na unahitaji pia kutokuwa na bosi.

Kwa aliyeomba mahali pa kuanzia: anza na barua ya Poe, ambayo ni fupi na inasomeka kwa kikao kimoja, kisha nenda moja kwa moja kwa sanamu za Napoleon ukimfuatilia Lestrade badala ya Holmes, ukiandika pembeni kila anachokijua na kila anachokiuliza. Baada ya hapo soma Borges. Mwandishi Simenon na Maigret wake, aliyeanza kutoka vitabuni mwaka 1931, nimewaacha kwa makusudi, maana Maigret ni kamishna wa polisi anayefikiri kwa kukaa baa na kuwazoea watu wa marehemu, na mgogoro wake ni na hakimu Coméliau anayetaka mtu wa kushtakiwa haraka. Yeye anahitaji uzi wake peke yake, na kama yupo mwanajamvi aliyemsoma kwa Kifaransa ningefurahi aufungue.